Je, Stranger Things ya Kihindi ni tamthilia ileile?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Niko Muscat kikazi, nakaa nyumba moja na vijana wawili wa Lucknow, India. Stranger Things niliimaliza yote kwa Kiingereza. Sasa wenzangu wameianza kwa Kihindi, nami jioni nakaa nao, ingawa Kihindi changu ni cha kuombea maji. Kinachonishangaza ni kwamba wao wanashtuka mahali ambapo mimi sikushtuka kabisa, na pale ambapo mimi nilikosa usingizi wao wanatafuna korosho zao bila habari. Je, maudhui yamepotea kwenye tafsiri, au ni sisi tu tunatofautiana? Na mdogo wangu yuko Tanga, ana miaka 14, anapenda sana mambo ya Kihindi. Nimwambie aanze na lugha gani?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Maudhui hayajapotea. Kilichotokea ni kwamba hofu imehama. Imetoka sehemu moja ya tamthilia ikaenda kukaa sehemu nyingine, na ninyi watatu mmekaa kochi moja mkiisubiri kila mtu kwenye mlango wake. Kazi yangu ni kuandaa maandiko ya tamthilia za nje kabla waingiza sauti, yaani wanaosema upya mazungumzo kwa lugha nyingine, hawajaanza kurekodi, kwa hiyo swali lako nimelipenda na nitalijibu kwa urefu. Mdogo wako asisome hapa mpaka amalize kutazama, maana nitataja mambo ya ndani.

Kwanza tukumbushane tamthilia yenyewe inasema nini, kwa sababu wengi wanaijua kwa lile zimwi lake, Demogorgon, lenye kichwa kinachofunguka kama ua na hawaendi mbali zaidi ya hapo. Ilibuniwa na ndugu mapacha, Matt na Ross Duffer. Ilianza kuonyeshwa Netflix tarehe 15 Julai 2016 na ikafungwa tarehe 31 Desemba 2025, misimu mitano, sehemu 42 kwa jumla. Hadithi inaanzia usiku wa tarehe 6 Novemba 1983 katika mji wa kubuni wa Hawkins, jimbo la Indiana, Marekani. Mtoto anayeitwa Will Byers anatoka kucheza kwa rafiki yake Mike, anapanda baiskeli kurudi kwao, na asubuhi kitanda chake kiko kitupu. Wenzake wanaingia msituni kumtafuta, wanakutana na msichana aliyenyolewa nywele, amechanjwa namba 011 mkononi, anayejua maneno machache tu. Huyo ndiye Eleven. Chini ya maabara ya serikali pembezoni mwa mji kuna ufa, na ng'ambo ya ufa kuna dunia iliyopinduka, inayofanana na Hawkins nyumba kwa nyumba, ila imeoza, ina baridi na giza, na hewani kunaelea kitu kama majivu.

Ukiondoa zimwi, kinachobaki ni msiba. Joyce, mama yake Will, amepotelewa na mwanawe. Hopper, mkuu wa polisi, alimzika binti yake Sara aliyekufa kwa saratani, na ndiyo sababu unamwona asubuhi anameza vidonge na kushushia bia. Eleven aliporwa kwa mama yake akiwa mchanga. Max, anayeingia msimu wa pili, anamwona kaka yake wa kambo Billy akifa mbele ya macho yake, na kinachomla ni kwamba kuna siku alitamani afe. Zimwi hubadilika sura msimu hadi msimu, lakini humpata mtu kupitia jeraha ambalo tayari analo.

Maudhui mengine ni dola inayofanya watoto wa watu kuwa vifaa, na hilo halikuokotwa hewani. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliendesha kwa kweli mradi ulioitwa MKUltra kuanzia mwaka 1953, likiwapa watu dawa za kulevya akili bila ridhaa yao ili kujifunza namna ya kuitawala akili ya binadamu. Mwaka 1973 nyaraka nyingi za mradi huo ziliteketezwa kwa amri ya mkuu wa shirika, na mwaka 1975 kamati ya seneti iliyoongozwa na Frank Church ikasaidia kuuweka hadharani. Mama yake Eleven, ndani ya hadithi, ni mmoja wa waliofanyiwa majaribio hayo. Kwa hiyo daktari Brenner, mkuu wa maabara ile, yule mwenye nywele nyeupe na suti safi, anatisha kwa sababu ambayo Demogorgon hana: watu wa aina yake waliwahi kuwepo, na walilipwa mishahara.

Na kuna urafiki wa watoto. Mike, Dustin, Lucas na Will wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kete na masimulizi, na majina yote ya kutisha yanatoka humo: Demogorgon, Mind Flayer, Vecna. Watu wazima wanahangaika na kitu wasichoweza kukitaja. Watoto wanakipa jina dakika ileile, na wakishakipa jina wanajua pa kuanzia. Nadhani hapa ndugu Duffer walifanya jambo la busara sana.

Mambo hayo yanaeleweka Lucknow kama yanavyoeleweka Tanga. Mama aliyepotelewa na mtoto hahitaji mkalimani. Kwa nini basi ninyi mshtuke mahali tofauti? Kwa sababu tamthilia hii inatisha kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho, na kuingiza sauti ni kulibadilisha sikio.

Chukua simu ya msimu wa kwanza. Will ametoweka, usiku simu inalia, Joyce anainua, na upande wa pili hakuna neno hata moja. Kuna pumzi tu, na mikwaruzo ya umeme, kisha simu inaungua mkononi mwake. Joyce anashikilia kwamba yule ni Will. Hopper anamwambia huenda ni mtu anamchezea, na Joyce anamjibu kwa kumuuliza kama yeye asingeijua pumzi ya binti yake mwenyewe. Hopper hana la kusema. Mtazamaji bado hajasimuliwa habari za Sara kwa kirefu, lakini anamwona mwanamume mzima akinyamaza kwa namna ambayo si ya kawaida. Mandhari nzima inasimama juu ya pumzi ya mtoto.

Sasa ingia nami kwenye chumba cha kurekodia. Tamthilia ya kuingizwa sauti hufika kwetu ikiwa imetenganishwa: muziki na vishindo viko upande mmoja, mazungumzo upande mwingine, ili uondoe mazungumzo ya asili na kuacha milango, mvua na nyayo zilivyo. Mwigizaji wa sauti anasimama mbele ya kinasa sauti, mara nyingi peke yake, spika za masikioni kichwani, picha mbele yake, anarekodi mstari kwa mstari. Yule anayegombana naye kwenye picha huenda amerekodi jana au atarekodi wiki ijayo. Kwenye tamthilia ya mapenzi, andiko lake ni maneno. Kwenye tamthilia ya kutisha, unakuta mistari mingi ambayo ni maelekezo matupu: anahema, anameza mate, anazuia kilio, anapumua kwa pua. Mara nyingine wenye tamthilia hutuma pia mihemo na mayowe ya waigizaji wa asili kwa faili la pembeni, na timu inaamua iyatumie au irekodi upya.

Huo uamuzi ni mzito. Ukiacha pumzi ya asili na kuweka maneno ya mwigizaji mwingine, sikio linausikia mshono hata kama mtazamaji hawezi kueleza kilichomkera. Pumzi ni ya mtoto huyu, jina lake linaitwa kwa sauti ya mtoto yule. Ukirekodi upya, lazima umpate mwigizaji anayeweza kupumua kama mtoto aliyejificha, na kupumua ni kazi ngumu kuliko kusema. Wewe ulikosa usingizi kwenye Kiingereza kwa sababu pumzi, kilio na neno vilitoka kwenye kifua kimoja. Kwenye sauti yoyote iliyoingizwa, iwe ya Kihindi, Kifaransa au Kiswahili chetu, hilo ndilo la kwanza kulegea. Muziki haulegei. Ule mvumo wa vinanda vya umeme uliotungwa na Kyle Dixon na Michael Stein ni uleule katika kila lugha, na ndio unaowashika wenzako pale ambapo pumzi haiwashiki.

Lakini Kihindi nacho kina chake, na hapa ndipo wenzako wanakuzidi. Joyce akilia kwa Kihindi analia ndani ya nyumba iliyojengwa zamani. Mama anayeteseka kwa ajili ya wanawe ni nguzo ya sinema ya Kihindi tangu Mother India ya mwaka 1957 na kabla yake. Wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Tanga waliokuwa wakijipanga foleni Jumapili kuona picha za Kihindi wanalijua vizuri jambo hili. Mama ambaye mji mzima unamwona kichaa, anayeongea na taa, anayepasua ukuta wa sebule yake kwa shoka, na kumbe yeye peke yake ndiye mwenye kweli: kwa mtu wa Lucknow huyo ni mama anayemjua tangu utotoni, na sauti ya Kihindi inampa mlio anaoujua. Wewe ulimwona Joyce kama mwanamke wa Marekani aliyechanganyikiwa. Wao wanamwona mama. Wana haki ya kushtuka.

Halafu kuna neno ambalo mwingiza sauti wa Kihindi amepewa bure. Eleven anamwita daktari Brenner "Papa". Kwa Kiingereza cha Marekani cha miaka ya 1980 neno hilo linasikika la kizamani kidogo, la kigeni, kama kitu mtoto alichofundishwa maabara. Kwa Kihindi cha mjini, Papa ndivyo mamilioni ya watoto wanavyowaita baba zao kila siku mezani. Halihitaji kutafsiriwa wala kulinganishwa na midomo. Linapita lilivyo, na likishapita linauma zaidi. Msichana anamwita kwa jina la mezani mtu anayemfungia kwenye chumba chenye giza. Ukirudia msimu wa kwanza, watazame wenzako neno hilo linapotoka.

Kihindi pia kina ngazi tatu za kumwambia mtu "wewe": tu, tum na aap. Aap ni ya heshima, ya mkubwa, ya mgeni. Tum ni ya wenzako. Tu ni ya mtu wa karibu mno, au ya mtoto, au ya dharau, na pia ndiyo watu wanayomwambia Mungu katika dua. Kiingereza hakina ngazi hizo hata kidogo. Kwa hiyo mwandishi wa Kihindi hana budi kuamua, kwa kila watu wawili wanaozungumza, wamesimama ngazi gani, na uamuzi huo ni tafsiri ya uhusiano mzima. Eleven atamwambia Brenner aap kwa woga. Mike na wenzake wanaweza kuambiana tu kwa raha zao za utoto. Vecna, zimwi la msimu wa nne, anapomwingia mtu kichwani na kumwita jina polepole, akishuka kutoka tum kwenda tu, ameshaingia chumbani bila kugonga hodi. Hiyo ni hofu ambayo Kiingereza hakikuwa nayo na Kihindi kimeiongeza. Sisi tungeitafuta kwa njia nyingine: kwenye shikamoo inayokatwa ghafla, kwenye mtu mzima anayeitwa jina tupu bila baba fulani wala mama fulani.

Pale ambapo Kihindi kinabanwa ni kwenye jinsia. Mwanzoni Eleven ana kichwa kilichonyolewa na nguo za hospitali, anaingia mgahawani kwa Benny kuiba viazi, na shahidi aliyemwona pale anadhani ni mvulana. Hopper anaanza kuuliza kama huyo si Will. Kitendo cha Kihindi mara nyingi hufichua jinsia ya mtendaji: mvulana anasema jaata hoon, msichana anasema jaati hoon, kwa "naenda". Mwandishi anapaswa kumpa Eleven maneno machache, makavu, yasiyo na vitendo kamili, vinginevyo siri inatoka mdomoni kwake mwenyewe. Bahati nzuri ni kwamba hata kwa Kiingereza anaongea hivyohivyo. Kiswahili kingepita hapo bila jasho. Mtoto, anakula, amekimbia, yule pale: hujasema ni wa kike wala wa kiume. Kila mara ninapofika kwenye mandhari hii natamani siku moja tupewe sisi kazi hiyo.

Sasa taa. Hii ndiyo mandhari unayoikumbuka kwa vyovyote: msimu wa kwanza, sehemu ya tatu. Joyce amegundua kwamba mwanawe anawasha na kuzima taa kutoka ng'ambo. Anatundika taa za Krismasi ukutani na kuandika kwa rangi nyeusi herufi za Kiingereza, A mpaka Z, kila herufi chini ya taa yake. Anauliza uko wapi, na taa zinajibu herufi moja moja kwamba yuko hapahapa. Anauliza afanye nini. Inawaka R, inawaka U, inawaka N. Kimbia. Na nyuma yake ukuta unaanza kuvimba.

Hapo mwandishi wa Kihindi hana la kufanya na picha. Herufi ziko ukutani, ni za Kiingereza, ni tatu. Kwa Kihindi amri hiyo ni bhaago, na haiwezi kuandikwa kwa taa hizo tatu. Kilichobaki ni Joyce azisome herufi kwa Kiingereza kisha kinachofuata kiingie kwa Kihindi, na hapo hofu inachelewa kidogo. Mtazamaji ameshajua kabla hajaambiwa, au anaambiwa baada ya kujua. Neno lenyewe halimtatizi Mhindi. Mtu gani India hajui run, nchi ambayo kriketi, mchezo ambao alama zake huitwa run, inatangazwa redioni na kwenye televisheni mwaka mzima? Tatizo ni kwamba fahamu za mtazamaji zinakwenda kwenye lugha ya pili wakati uleule zinapotakiwa kutulia tuli. Kwenye hofu, kuchelewa kufumba na kufumbua kunatosha kuiharibu. Naamini hapa ndipo wenzako walipokuwa na korosho zao, na wewe uliganda.

Ufupi wa maneno nao unaleta shida. Kuna sentensi Mike anayomfundisha Eleven, nayo inakuwa uti wa mgongo wa tamthilia nzima: marafiki hawadanganyani. Kwa Kiingereza ni silabi tatu, friends don't lie, na kila silabi ni pigo. Kihindi cha kawaida kingesema dost jhooth nahin bolte, silabi sita. Mdomo wa Eleven kwenye picha unafunguka mara tatu. Mwandishi atakimbiza maneno, au atapunguza, au atasubiri kamera ihame usoni ndipo amalizie nje ya picha. Na kwenye uso uliovutwa karibu kuna herufi zisizosamehe: m, b na p, kwa sababu midomo hukutana. Mtazamaji akiona midomo imekutana na asisikie mojawapo, anajua amedanganywa. Ukiona msemaji wa Kihindi ameongeza neno dogo lisilo na maana mwishoni mwa sentensi, kazi yake huenda ilikuwa kufunga mdomo tu.

Sauti za watoto nitazipitia haraka. Waigizaji walianza wakiwa wadogo kweli, Noah Schnapp (Will) na Millie Bobby Brown (Eleven) wote ni wa mwaka 2004, na walikua mbele ya kamera, sauti zikavunjika kati ya msimu na msimu. Gaten Matarazzo, anayeigiza Dustin, ana hali ya kuzaliwa inayoathiri mifupa na meno, na hadithi imeiingiza ndani yake; msimu wa kwanza Dustin anaongea na pengo la mbele. Kumpa sauti safi ya mtangazaji ni kumnyima nusu ya utu wake. Wavulana wadogo kwenye kazi za kuingiza sauti mara nyingi husemwa na wanawake, duniani kote, na wengine wanafanya vizuri mno. Lakini kijana akishafika msimu wa tatu anahitaji kubadilishiwa sauti, na mtazamaji aliyezoea sauti ya kwanza hukasirika. Hakuna dawa ya hilo.

Nije kwenye msimu wa nne, wa mwaka 2022, kwa sababu nadhani ndio unaokaa vizuri kuliko yote kwenye Kihindi. Hofu ya Kihindi ina historia yake. Ukoo wa Ramsay uliwatisha watu sinemani kwa picha kama Purana Mandir ya 1984 na Veerana ya 1988, kisha ukaleta Zee Horror Show kwenye televisheni mwaka 1993, na Aahat ikafuata mwaka 1995. Kizazi cha wenzako kama hakikuziona, kimesimuliwa na kaka zao. Katika masimulizi hayo anayetisha ni mtu aliyekufa vibaya: bhoot asiyetulia, chudail mwenye nyayo zilizogeuka nyuma, mwanamke aliyedhulumiwa anayerudi kudai. Kila mzuka una kesi. Demogorgon wa msimu wa kwanza hana kesi na mtu. Ni mnyama mwenye njaa aliyetoka kwingine, na mtu aliyelelewa na bhoot anamtazama kama simba aliyetoroka: atakimbia, lakini hatamwota usiku.

Vecna ana kesi. Zamani alikuwa mtoto, Henry Creel, na damu ya nyumbani kwake ilimwagika mwaka 1959. Anawachagua wenye hatia moyoni, anawaletea maumivu ya kichwa na damu puani, wanasikia saa ya ukutani ikigonga pasipo na saa, na anawaambia siri zao kwa sauti nzito ya Jamie Campbell Bower. Huo ni mzuka wenye kumbukumbu. Mtu wa Lucknow anaufungulia mlango bila kuambiwa ni nani. Mwandishi wa Kihindi pia anakuwa na ghala la maneno mazito, ya Kisanskriti upande mmoja na ya Kiurdu upande wa pili, ya kumpa kiumbe kama huyo ukuu wa kutisha. Nikisikia Vecna kwa Kihindi naona kabisa kwamba aliyeandika alifurahia kazi yake.

Na katika msimu huohuo kuna maudhui ambayo wengi wanayaruka wakikimbilia mapigano. Wasichana na wavulana wanakufa kwa namna isiyoelezeka, na mji unaamua kwamba mwenye kosa ni Eddie Munson, kijana wa nywele ndefu anayepiga gitaa na kuongoza klabu ya Dungeons & Dragons. Ni mchawi, ni wa shetani, atafutwe. Marekani ya miaka ya 1980 ilipitia kwa kweli wimbi hilo la kuona ushetani kila mahali, mpaka mchezo wa kete ukawa ushahidi. Kwa Mmarekani wa leo hiyo ni historia ya aibu kidogo. India si historia: jimbo la Bihar lilitunga sheria mwaka 1999 ya kuzuia watu, hasa wanawake, kuitwa daayan, yaani mchawi, na kuteswa kwa sababu hiyo, na Jharkhand ikafuata. Na sisi Watanzania tunajua yaliyowapata vikongwe wa kanda ya ziwa, walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni miaka nenda rudi. Kwa hiyo kundi la vijana likimsaka Eddie, mtazamaji wetu na mtazamaji wa Kihindi wana jambo la kuogopa ambalo halimo kwenye dunia iliyopinduka kabisa. Limo kwenye mkutano wa kijiji. Ningependa uwaulize wenzako walijisikiaje hapo.

Mandhari ya Max msimu huo, sehemu ya nne, ni kinyume cha taa. Anayemwokoa ni wimbo, Running Up That Hill wa Kate Bush, uliotoka mwaka 1985 na ambao baada ya tamthilia hii ulipanda hadi namba moja Uingereza mwezi Juni 2022, miaka 37 baadaye. Nyimbo kwa kawaida haziguswi kwenye kuingiza sauti. Zinaachwa kwa lugha yake. Kwa hiyo Max anaita kwa Kihindi na wimbo unamjibu kwa Kiingereza, na hakuna kinachoharibika, maana pale wimbo unafanya kazi kama kamba ya kumvuta mtu kisimani.

Umeniuliza kama ni ninyi tu. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sisi tumekulia kwenye njia nyingine ya kutafsiri picha: ya mtu mmoja anayesimulia juu ya filamu nzima, kama marehemu Lufufu kwetu Tanzania na DJ Afro Kenya. Njia hiyo naiheshimu sana, lakini kwenye kutisha ina tabia moja: msimuliaji anakuwa mwenzako chumbani. Zimwi likija, kuna kaka anayekwambia linakuja. Sauti za kuingizwa, kila mhusika na yake, zinamwondoa kaka huyo na kukuacha peke yako. Ukiwa umezoea la kwanza na ukaja kuonja Kiingereza cha asili moja kwa moja, hofu inakupata mara mbili.

Sasa mdogo wako. Kwa miaka 14 naona misimu mitatu ya kwanza anaweza kuitazama mkiwa mmezungumza, lakini wa nne una miili inayokunjwa na mifupa inayovunjika mbele ya macho, na ningependa awe na mtu mzima pembeni. Kuhusu lugha, aanze msimu wa kwanza kwa sauti ya asili na maandishi ya Kiingereza chini. Msimu huo umejengwa kwa pumzi, minong'ono na herufi za ukutani, vitu vitatu ambavyo sauti ya kuingizwa haiviwezi vizuri. Akishawajua watu hao kwa sauti zao, ahamie Kihindi msimu wa nne kama anapenda. Atafurahia Vecna wa Kihindi, na atajifunza tofauti ya tum na tu kwa njia asiyoisahau.

Mwambie pia asiwashe sauti ya Kihindi pamoja na maandishi ya Kiingereza akidhani vitalingana. Maandishi yametafsiriwa kwa kusomwa, sauti imetafsiriwa kwa kufuata midomo, na mara nyingi ni watu tofauti waliofanya kazi hizo mbili. Atasoma jambo moja na kusikia lingine, atadhani Kihindi kinakosea. Achague kimoja. Na atumie spika za masikioni, hata zile za bei ndogo. Kwenye simu iliyowekwa mezani, pumzi ya Will haisikiki kwa lugha yoyote.